UZI: Shoo ya laivu yenye hutawahi sahau na ile ilikuuma, tuanzie huku kwetu

jadala_ksm (mwenye uzi)

Watu wa Kisumu, Kakamega, Busia, Siaya, Naks na kwingine, leo tuongee muziki wa laivu. Namaanisha laivu yenyewe, mtu ameshika gita na jasho linamtoka, mambo ya madeejay tuachie uzi mwingine. Kila mtu aseme shoo moja yenye ilimbamba kuliko zote na moja yenye mpaka leo ikitajwa anashikwa na hasira. Nauliza hivi kwa sababu shoo zimeongezeka sana huku, tangu uwanja wa Mamboleo ufunguliwe Madaraka Dei ya 2021 halafu mwaka uliofuata tukapata Africities naona mabango mapya kila mahali pale Kondele, lakini watu wengi naongea nao wanarudi nyumbani wamenuna na hakuna mahali tunakaa chini tuseme kwa nini.

Naanza mimi. Nzuri kuliko zote ni mwanamuziki Musa Juma na bendi yake Limpopo International, ile miaka yake ya mwisho kabla atuache Machi 2011. Ilikuwa klabu ya kawaida tu hapa town, viti vya plastiki, feni inazunguka polepole, na stage imeinuka kidogo sana hivi kwamba ukiwa mbele unaona vidole vya mtu wa gita la solo vikitembea. Wale mnamjua kwa redio peke yake kuna nusu hamkuipata. Wimbo wenye kwa redio unakatwa ukiwa ndio mguu umeanza kuuelewa, pale aliuvuta, anaimba anamaliza beti, anaacha bass na ngoma peke yao, anaongea na watu pole pole, halafu solo inarudi juu na hapo hata wale walikuwa wanakula wameacha sahani wakaingia katikati.

Na pakruok. Kwa wasiojua, pakruok ni pale unatoa kitu kidogo, muziki unashushwa, unapewa maiki unajisifu ama unamsifu mtu wako, mke, shemeji, kijiji chenu, halafu bendi inakurudishia jina kwa wimbo. Usiku huo kuna mzee wa makamo alisimama akamsifu mamake mwenye alikuwa anauza omena pale Usenge mpaka watoto wote wakamaliza shule. Akaongea kwa Kiluo safi kile cha wazee, mtu wa gita akawa anamjibu kila akipumua, na jina la yule mama likaimbwa mpaka wimbo ukaisha. Mimi sikumjua lakini niliimba jina lake na watu wote wa hiyo klabu waliliimba. Hiyo kitu huwezi pata kwa YouTube.

Mbaya sasa. Sitaji msanii wala promota. Bango lilisema saa kumi na mbili jioni, msanii mkubwa kutoka Nairobi, "full band" imeandikwa kwa herufi kubwa. Tukaingia, tukasimama, tukanyeshewa, saa nane usiku ndio anapanda na flash disk. Bendi haiko. Muziki ukawekwa na sauti yake mwenyewe iko ndani, yeye anaruka ruka anashikilia maiki mbali na mdomo huku wimbo unaendelea kuimba. Nyimbo chache akashuka. Nilikuwa nimekuja na mdogo wangu, hiyo ndio ilikuwa shoo yake ya kwanza maishani, na mtoto wa watu akaniuliza kama laivu huwa ndio hivo. Hiyo swali iliniuma kuliko pesa.


fundi_wa_sauti

Omera jadala umegusa kidonda. Mimi niko kwa hii kazi ya mitambo miaka mingi, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Kakamega mpaka Bungoma, na niseme kutoka nyuma ya mixa kwa sababu shoo ikiharibika watu wanalaumu msanii ama wanatuangalia sisi vibaya, na mara nyingi hiyo shoo ilikufa mchana kabla hata mtu wa kwanza aingie geti.

Iko hivi. Bendi kamili ya benga, ule muziki wetu wa gita wa Kiluo, ama rumba ina gita la solo, la rhythm, bass, ngoma, kinanda na waimbaji kadhaa. Zile spika kubwa zinawaangalia nyinyi. Msanii amesimama nyuma yake, kwa hivyo kile anasikia ni mngurumo tu. Ndio maana tunaweka monita, spika zile za chini zinamwangalia yeye, na kila mtu anataka yake tofauti, mtu wa bass anataka kiki ya ngoma, muimbaji anataka sauti yake na solo, mtu wa solo anataka asikie muimbaji kwa sababu benga ni mazungumzo, gita linamjibu muimbaji, sasa atajibu nini kama hasikii ameulizwa nini? Kupanga hayo yote ndio soundcheck, na kwa bendi kubwa ukiifanya vizuri inakula masaa. Promota amekodi mtambo siku moja tu, lori limefika saa tisa, jenereta imekuja haina dizeli ya kutosha, wasanii wako hoteli. Geti linafunguliwa tukiwa bado tunavuta waya. Hapo soundcheck mnaifanya nyinyi watazamaji na masikio yenu, nyimbo tatu za kwanza zote ni sisi tunatafuta.

Na ule mlio wa wiiii wenye unawafanya mzibe masikio, ule ni maiki imesikia spika yake mwenyewe, sauti inaingia maiki inatoka spika inaingia tena maiki, mzunguko haukatiki. Mara nyingi ni muimbaji hajisikii akaomba monita iongezwe na iongezwe mpaka ikafika hapo.

Kuhusu viwanja. Sauti hewani inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka stage, ngoma ikigongwa inakufikia karibu thuluthi ya sekunde baadaye. Halafu hiyo hiyo sauti inaenda inagonga jukwaa la saruji upande ule mwingine inarudi, sasa unasikia maneno mawili yamepandana na huelewi hata moja. Dawa iko, unaweka spika zingine katikati ya uwanja na unazichelewesha kwa mtambo zilingane na zile za mbele, lakini hizo ni pesa na promota wengi wanaona afadhali aongeze taa kwa sababu taa zinaonekana kwa picha.

Halafu kitu chenye watu wa nje hawajui kuhusu Kisumu, upepo. Mchana na jioni upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka huku juu kurudi ziwani. Sauti ikienda kinyume na upepo inapindwa juu inapita vichwa vya watu. Stage ukiiweka vibaya watu wa nyuma wanasikia nyimbo zinaingia na kutoka, wanadhani tunacheza na voliumu. Nimewahi kumwambia promota tugeuze stage akaniambia hapana, upande huo sponsa wake hataonekana vizuri. Tukaacha hivo, na walioumia ni watu walilipa.

Ile yangu nzuri nitaandika baadaye, niko site.


mulamwa254

Fundi umenisomesha, kumbe ule upepo.

Mimi ni wa Kakamega na nitawapeleka mbali na stage kabisa. Nzuri kuliko zote sikulipa hata shilingi. Ni asubuhi ya vita vya ng'ombe, barabara ya kuelekea Khayega, bado kuna umande na baridi ile ya karibu na msitu, na kwa mbali unaanza kusikia isukuti zinakuja. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe la swara na njuga. Unasikia kwanza ile kubwa kifuani kabla hujaona mtu. Halafu wanatokea kona wamezunguka dume lao, wanaimba sifa za yule ng'ombe na za mwenye ng'ombe na za wale walikufa wakiwa na ng'ombe kama huyo, na watu wanatoka kwa mashamba wanajiunga, wamama wameacha kuni, watoto wa shule, hakuna mtu anaangalia tu, kufika uwanjani tulikuwa umati na kila mtu alikuwa ameimba. UNESCO waliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, na mimi nikisikia hiyo "haraka" naelewa kabisa, kwa sababu wazee wanaojua yale maneno ya zamani wanapungua na vijana wanajua mdundo peke yake.

Na ile mbaya inahusu ngoma hizo hizo. Sherehe kubwa, wageni, hema, viti vyenye vitambaa. Kikundi cha isukuti kimetolewa kijijini asubuhi sana bila chai. Wakakalishwa kwa jua mpaka mchana. Wakaitwa wapige wakati wageni wanatembea kwenda kukaa, yaani wawe kelele ya kusindikiza, maiki moja imesimamishwa mbele ya ngoma ndogo, kubwa haisikiki, pembe halisikiki, na kabla wafike penye wimbo unapanda MC akasema asanteni asanteni tuokoe muda. Mzee mmoja alikuwa bado ameinua mkono wa kugonga. Nilimwangalia akiushusha. Mimi sijasahau na sitaki kusahau, na tangu hapo nikiona kikundi chetu kimealikwa mahali nauliza kwanza wamepewa dakika ngapi na watakula nini.

Halafu watu wa Kisumu mnapenda kusema gita ni lenu. Sisi pia tuko na omutibo, ule upigaji wetu wa gita wa Kiluhya, George Mukabi aliliongelesha gita moja mpaka kifo chake 1963, na Abana ba Nasery wa Bunyore walikuwa wanakwaruza chupa ya Fanta, ile ya zamani ya mistari mistari, na ikatosha kabisa kama ngoma. Magita na chupa, na waliskizwa mpaka Uingereza.


jadala_ksm

Mulamwa hapo sina ubishi. Lakini hiyo ya ng'ombe ni shoo?


mulamwa254

Hiyo ndio shoo. Hizo zingine ni watu wamesimama wanaangalia simu za wenzao.


MamaWaKondele

Wanangu hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana lakini huu uzi umenirudisha mbali.

Yangu nzuri ni mwimbaji wa benga Princess Jully, hapo mwisho mwisho wa miaka ya tisini. Mjue wakati wenyewe ulikuwa aje. Mume wake Prince Jully alifariki 1997 na watu walidhani bendi imekwisha, yeye akaishika. Nyanza wakati huo tulikuwa tunazika kila wiki. Kila boma. Na hakuna mtu alitaja ule ugonjwa kwa jina, ilikuwa chira, ile laana ya kuvunja mila, ilikuwa malaria, ilikuwa kurogwa. Rais Moi alikuja kutangaza ukimwi janga la taifa Novemba 1999, na huyu mwanamke alikuwa ameshasimama mbele ya watu walevi, wanaume wengi, anaimba kuhusu ukimwi waziwazi, na gita linachezeka, hilo ndio jambo, lilikuwa linachezeka. Nilikuwa nimetoka kuzika dada yangu mkubwa. Nilikwenda kwa sababu shemeji zangu walinivuta. Nikacheza huku nalia na kando yangu kulikuwa na wamama wengine wawili siwajui nao wanacheza wanalia, tukashikana mikono. Hakuna mhubiri wala daktari alikuwa amenifanyia vile.

Mbaya ni ya juzi juzi tu, nilipeleka wajukuu. Uwanja mkubwa lakini geti liko wazi ni moja, hilo hilo la kuingia na la kutoka. Wale wa tiketi za simu mtandao ukakataa, wakakwama pale mbele, nyuma watu wanaendelea kusukuma kwa sababu wamesikia ngoma imeanza ndani. Nilihisi miguu yangu imeacha kugusa chini. Nikamwinua yule mdogo juu ya kichwa changu na kijana mmoja kwa ukuta akampokea, Mungu ambariki popote alipo. Wanangu msanii alikuwa nani sijui mpaka leo na sitaki kujua. Kama mtu anauza tiketi maelfu afungue mageti yote, na akinamama wawekewe laini yao, na choo kiwe na taa. Choo bila taa usiku mahali watu wamelewa ni hatari kwa wasichana, na kila mtu anajua na hakuna mtu anasema.


naks_finest

Mama pole sana, na asante kusema hiyo ya choo.

Mimi niko Nakuru. Huku usiku ni baridi, mtu wa Kisumu akija na tisheti yake anateseka. Nzuri yangu ni mugithi, mtu mmoja na gita moja, klabu ya kawaida, saa tisa za usiku. Watu walipanga laini ile ya treni, mkono kwa bega la mwenzako, na si unajua mugithi yenyewe maana yake ni treni, sasa ile treni ikazidi floor, ikaingia jikoni, ikapita katikati ya majiko, mpishi na aproni yake akashikilia mtu wa mwisho, ikatokea nyuma kwa parking kwenye ile baridi, walinzi wakaingia kwa laini, ikarudi ndani kwa mlango wa mbele, na yule jamaa wa gita muda huo wote hajaacha kupiga, anaangalia mlango anangoja abiria wake warudi. Tulivyoingia akabadilisha wimbo bila kusimama akaanza kututajia majina ya stesheni. Kulikuwa na Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Wakisii, na wale tunakumbuka Nakuru ilipitia nini mwanzo wa 2008, zile vurugu za baada ya uchaguzi, tunajua kushika bega la mtu usiyemjua saa tisa usiku kwa huu mji si jambo dogo.

Mbaya. Bango lilikuwa na sura ya msanii nampenda tangu hai skuli. Tukalipa kwa simu, tukafika, tukaimbiwa na watu hatuwajui mpaka saa saba, halafu tukaambiwa msanii amepata dharura. Kesho yake yeye mwenyewe akaandika kwa ukurasa wake kwamba hakuna mtu aliwahi kuongea naye kuhusu Nakuru. Hakuwahi kulipwa deposit, hakuwahi kupigiwa simu. Mtu alichukua picha akaibandika. Pesa kurudi, sahau, ile namba ya kulipia ilizimwa. Tangu hapo naangalia kwanza ukurasa wa msanii, kama hajaposti hilo bango yeye mwenyewe sitoi hata bob.


mwalimu_mstaafu

Naungana na nyinyi kwa ufupi. Nilifundisha muziki shule za huku Vihiga na Kakamega, na tamasha la muziki la shule, Kenya Music Festival ambalo lilianza 1927, ndilo lilinipa usiku mzuri kuliko yote. Ukumbi mkubwa, hakuna maiki, kwaya ya wasichana wa shule ya kijijini wamesimama na soksi zilizokunjwa sawa, na sauti ya kwanza ikajaza mpaka kwa mabati. Mliosema sauti mbaya inaharibu shoo, kweli, ila koo la mtoto aliyefunzwa vizuri halihitaji umeme. Mbaya kwangu ni hao watoto kufika mashindano saa nne usiku, wamechoka, wanaimba mbele ya viti vitupu kwa sababu ratiba ilichelewa tangu asubuhi. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja na linaudhi.


nyar_nam

Hello wote. Mimi ni mdogo kwenu kwa hivyo Musa Juma sikumwona, nilimkuta kwa simu ya baba.

Yangu nzuri ni baada ya corona. Mnakumbuka kafyu ilianza Machi 2020 na ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Nilikuwa nimemaliza shule ndani ya hicho kipindi, kwa hivyo utu uzima wangu wote ulikuwa wa kurudi nyumbani mapema. Sasa baada ya kafyu kuisha kukawa na ka shoo kadogo huku upande wa Dunga, watu hata mia hatukufika, tumekaa kwa nyasi na mabenchi, na mtu wa nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo. Nilikuwa nadhani nyatiti ni kitu ya matanga na ya sherehe za serikali. Akakaa kwa kile kistuli cha chini, nyuzi nane, pete ya chuma kwa kidole cha mguu anagonga nayo ule mti, njuga zimefungwa kwa mguu, na anaimba juu yake. Mtu mmoja! Nilikuwa naangalia kando kama kuna mwingine amejificha. Nilijua hizo laini za gita la benga nimekua nikisikia zilitoka wapi, maana ni zile zile, vidole vinakimbizana vile vile. Akapiga kitu kwa heshima ya mpiga nyatiti Ayub Ogada, mwenye tulimpoteza Februari 2019 akiwa kwake Nyahera, na Nyahera ni hapa tu, na mimi nilikuwa nimekua nikipita hapo kwa matatu bila kujua ni nani anaishi. Watu hawakupiga makofi mara moja alipomaliza. Nilianza kujifunza nyatiti baada ya hapo, bado najifunza, na mwenye ananifunza alikuwa na wasiwasi kuhusu msichana kuishika mpaka akakumbuka kuna mama Mjapani anaitwa Anyango alikuja akajifunza huku Siaya na anaipiga dunia nzima.

Sasa mbaya, na hapa jadala tutakosana kidogo. Ni pakruok. Nilienda shoo ya ohangla, ule muziki wa ngoma wa Waluo, bendi kali sana, na kulikuwa na mtu anataka kiti cha siasa. Akashika maiki. Mara ya kwanza sawa. Akatoa noti zingine, akashika tena, akaita watu wake kumi, kila mmoja amsifu, ngoma inashushwa kila mara ikiwa ndio imepanda. Bendi walitaka kuendelea, unaona kwa macho yao, lakini pesa iko pale. Sisi wa kulipa geti tukageuka kuwa umati wa mkutano wake. Nilitoka. Kwa hivyo ukisema pakruok ndio uzuri wa laivu mimi nasema inategemea nani ameshika maiki.


jadala_ksm

Nyar nam hatukosani. Yule mzee wa mamake wa omena alitoa kitu kidogo tu, na angetoa kidogo zaidi bado angepewa nafasi. Hiyo ya mwanasiasa ni kununua bendi na kununua sisi pamoja nayo. Lakini siwezi kubali iondolewe, kuna madogo wanasema hivo. Ukiiondoa unabaki na watu wanapiga magita mbele ya watu wengine.


MamaWaKondele

Zamani kiongozi wa bendi ndiye alikuwa anaamua. Ukizidi anakuimba vizuri sana, anakusifu na babu yako, halafu anapandisha ngoma juu ya maneno yako na wewe unabaki umefungua mdomo, na huwezi kasirika kwa sababu umesifiwa. Walikuwa wanajua kazi yao. Wafundisheni hawa wa sasa.


fundi_wa_sauti

Nimerudi. Mama hiyo ya kupandisha ngoma nimeiona kwa macho yangu, na mtu wa mixa anapewa ishara na kidole. Kwa hivyo nyar nam ukiwa na bendi yako ongea na fundi kabla.

Na nyatiti umeitaja, wacha niseme, mafundi wengi wanaweka maiki kwa nyuzi na kwa mdomo wanasahau mguu. Ile pete na njuga ndio ngoma yake. Weka maiki ndogo chini karibu na kidole, kata zile sauti nzito kidogo zisivume, na huyo mtu mmoja atajaza mahali. Wa isukuti vile vile mulamwa, ile kubwa inataka maiki yake, pembe lisogee mbele.

Sasa yangu nzuri. Ilikuwa matanga, sitasema ya nani, kijijini Siaya, siku zile disco matanga zilikuwa hazijapigwa marufuku kila mahali, na familia ikasema hawataki disco, wanataka bendi kwa sababu mzee alipenda benga ya D.O. Misiani. Misiani mwenyewe alikuwa ameshakufa, ile ajali ya Mei 2006 hapa Kisumu. Bendi ikaja, vijana wa huko huko. Tukafika mapema kwa sababu hakuna geti wala promota, tukafanya soundcheck mchana mzima wamama wakichambua mboga kando yetu, wanatuambia bass imezidi, na ilikuwa imezidi kweli! Usiku ulipofika kila mtu kwa stage alikuwa anamsikia mwenzake. Spika mbili tu. Boma limefungwa na ndizi na miti, hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na upepo ulikuwa umetulia. Wakapiga mpaka asubuhi, solo anauliza, muimbaji anajibu, wajukuu wa mzee wanaomba pakruok kwa shilingi ishirini ishirini na wanapewa dakika zao kama tajiri. Mimi nilitoa mkono kwa mixa. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha. Miaka yangu yote ya hii kazi natafuta usiku mwingine kama huo.


naks_finest

Fundi swali moja tu kabla nilale. Mtu akilipa tiketi ya kawaida asimame wapi?


fundi_wa_sauti

Tafuta mixa iko wapi, kale ka hema kadogo katikati kenye watu wamevaa hedifoni, simama mbele yake kidogo ama nyuma yake. Kile tunasikia sisi ndio unasikia wewe. Ukienda mbele kabisa karibu na spika utasikia bass na kelele za upande mmoja, na masikio yatalia siku mbili, hiyo si nzuri, beba hata pamba. Ukienda kwa jukwaa la saruji nyuma utapata ile sauti imepandana. VIP mara nyingi iko kando, kwa hivyo wale wamelipa zaidi ndio wanasikia vibaya, na nimewaambia mapromota.


mulamwa254

Wasee, vita vya ng'ombe vikitangazwa tena upande wetu nitaweka hapa. Mkuje kabla jua litoke. Nyar nam kuja na nyatiti yako, wazee watakuuliza maswali mengi lakini watakupatia nafasi, na mimi nitahakikisha kuna chai.


nyar_nam

Nakuja. Niambie tu nishukie wapi, na kama tuktuk zinafika huko.


mulamwa254

Tuktuk hapana, boda. Shukia Khayega, ukisikia ngoma fuata watu.